Tulilipia Siku Tano za Kupunga Pepo

Kila anayepita kibarazani kwangu Kariakoo siku hizi ananunua bakuli moja na kuuliza maswali matatu. Mlikwenda wapi? Mzungu alifanyaje? Na Shangazi yuko wapi? Biashara ya namna hiyo hainilipi. Nayaandika yote mara moja, asomaye amsomee mwenziwe, na anayekuja kwangu aje kwa habari za bakuli.

Mnaomjua Shangazi Mwanaidi mnajua kwamba ndiye aliyenilea mama alipofariki, na mnajua kwamba tangu mvua za vuli alikuwa halali. Sisemi kulala kidogo. Halali. Asubuhi namkuta ameketi kitandani macho makavu, mchana anasinzia juu ya ungo wa mchele, ukimgusa anashtuka kama mwizi. Alikonda mpaka bangili zikawa zinampanda kiwikoni. Hospitali walipima damu, mkojo na presha, wakasema mzima. Wanawe wawili, mmoja Tanga na mmoja Morogoro, wakaandika kwamba nisipompatia dawa kabla ya mfungo watakuja kumchukua. Wake zao nawajua. Shangazi angekaa kule wiki mbili, ya tatu tungesoma hitima.

Majirani wakasema ni pepo, apungwe. Kwa wenzetu wa bara niseme: mwenye pepo hufukizwa udi, hupigiwa ngoma, mpaka pepo apande kichwani na kusema anataka nini. Akishasema mnampa, naye anatulia. Wapungaji Temeke wamejaa. Lakini miaka hii ya ruksa mpya, kila kitu cha nje ni bora: sabuni ya nje, biskuti za nje, hata suruali aliyoivaa mtu mwingine mpaka akaichoka. Basi mteja mmoja afuaye mashuka ya hoteli aliponiletea karatasi yenye picha ya mama wa Kizungu, mavazi meupe, kakaa kitako katikati ya moshi wa udi, na juu yake KAMBI YA KUPUNGA PEPO, DELTA YA RUFIJI, SIKU TANO, nilijiambia: kumbe na waganga wameruhusiwa kuingia.

Dola thelathini kwa siku, kila kichwa. Kwa pesa hiyo Temeke wangempunga Shangazi, mimi, na paka. Lakini kitu cha bei ndogo nakiuza mwenyewe, najua kinavyovunjika.

Dar mpaka Kibiti

Basi la saa kumi na mbili liliondoka saa nne kasoro. Dereva alikuwa anamngoja mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho alikuwa gunia la sukari la shemeji yake.

Baada ya Mkuranga tukazama mchangani. Konda akapiga ubavu wa gari. "Abiria, tushuke, tusukume!"

"Nauli ya kusukuma ni kiasi gani?" nikamuuliza.

"Mama, hiyo ni ya Mungu."

"Ya Mungu nitasukuma. Ila mama yangu huyu ahamie kiti cha mbele, na mtoto wa kuku aliye pale miguuni aondoke."

Tukapatana hivyo. Tulisukuma mara mbili. Konda aliwaambia watu wa Kibiti kwamba ni mara nne, lakini mie nilikuwepo na nilihesabu. Bungu tulinunua korosho na machungwa dirishani, tukaingia Kibiti alasiri, tukiwa na rangi moja wote, ya vumbi.

Pale Kibiti nilitafuta jogoo. Pepo wa pwani hapendi kuja mahali asipokaribishwa, na mzungu huenda hajui. Muuzaji akaniuliza, "Mwekundu na weusi kidogo, au mwekundu mtupu?"

"Mtupu."

Akaniangalia, akamwangalia Shangazi. "Aa. Wa kazi. Wa kazi bei yake nyingine."

"Kwani ana miguu mingapi?"

Tukabishana mpaka chai yangu ikapoa. Nilimpata kwa bei ya jogoo wa mchuzi, na kamba ya kumfungia juu. Tukala wali na samaki wa kukaanga pale mkahawani, tukalala nyumba ya wageni. Nililala mimi. Asubuhi Shangazi aliniambia malori kumi na tisa yalipita, matatu yakiwa na taa moja.

Kibiti mpaka Nyamisati, kupitia Bungu tena

Gari la kambi lilitukuta stendi, likiwa na wazungu wawili, mume na mke, na matango. Nilidhani matango ni ya kuuzwa, yalivyokuwa mengi. Dereva akageuza gari kule tulikotoka, mpaka Bungu, ndipo akakata kulia kwenda Nyamisati.

"Kaka," nikamwambia, "jana nilikuwa hapa Bungu. Mngenichukua hapa hapa."

"Karatasi inasema wageni wanapokelewa Kibiti."

"Na karatasi itanirudishia nauli ya Bungu mpaka Kibiti?"

Akaongeza sauti ya redio.

Mferejini

Kutoka Nyamisati ni boti ya injini, mikoko huku na mikoko kule, mifereji inafanana kama watoto wa mtu mmoja. Maji yalikuwa yanakupwa. Katikati ya njia tukakaa juu ya tope, injini ikazimwa, tukangoja bahari irudi. Saa tatu nzima. Wazungu wakajipaka mafuta. Kaa walitoka matundu yao kututazama, na jogoo wangu akawatazama wao.

Nahodha alikuwa mtu wa Kiongoroni, mwembamba, sigara haimtoki. "Bibi, huyo jogoo anakwenda kutembea?"

"Anakwenda kazini."

"Kambini kwa Bi Margit?"

"Huko huko. Mama yangu anakwenda kupungwa."

Akatoa sigara mdomoni, akaitazama, akairudisha. "Haya. Mkitoka mtanisimulia."

Ningekuwa na akili ningemuuliza hapo hapo. Lakini nilikuwa nahesabu boriti zilizopangwa ukingoni.

Siku ya kwanza

Kambi ni vibanda sita vya makuti ng'ambo ya kijiji. Bi Margit alitupokea kwa viganja vilivyokutanishwa kama anayeomba dua ya haraka. Mrefu, miguu peku, mavazi meupe kama kwenye karatasi. Udi ulikuwa unafuka. Mikeka imetandikwa mduara. Nikamfinya Shangazi: kazi wanaijua.

Nilifungua na suala la bei. Kwa mganga yeyote mwenye adabu, anayelipa ni mgonjwa, msindikizaji anakula tu. Bi Margit hajui Kiswahili. Mkalimani wake alikuwa Mwalimu Teofili, mtu wa Songea, anafundisha kijijini na wakati wa likizo anatafsiri kambini. Mwalimu akatafsiri, Bi Margit akatabasamu, akajibu.

"Anasema hapa hakuna mgonjwa. Sote tuko safarini."

"Mwambie mimi nauli nimeshalipa."

Akatabasamu tena. Mtu anayetabasamu hapatani. Ni sawa na kupigana ngumi na chandarua.

Jogoo wangu Bi Margit alimpokea kwa mikono miwili, akamfungua kamba, akambusu utosini, akamwachia atembee. Nikasema labda ndivyo wanavyoanza kwao.

Chakula: tango, na choroko zilizoota mikia, zile ambazo mama mwenye nyumba akiziona kwenye mtungi analia hasara. Nilihesabu vipande vya tango sahanini, vinane. Nikarudia, vikawa saba, cha nane kilikuwa ua la sahani. Pale tulipokaa, kijiji kiko ng'ambo ya maji, na upepo unaleta harufu ya kamba wakikaangwa. Wazungu wakafumba macho wakashukuru kwa choroko.

Kisha kazi ikaanza. Bi Margit akatoa sauti moja ndefu puani, wote wakaitikia. Shangazi naye akaitikia vizuri tu, kwa kuwa uimbaji wa kuitikia ameuzoea kwenye maulidi. Tukainama, tukanyooka, tukasimama mguu mmoja. Kiuno changu, kilichobeba masanduku ya vyombo miaka kumi na mitano, kilitoa mlio ambao mke wa mzungu aliugeukia. Mwishoni Mwalimu akatangaza, "Sasa anasema tulale chali, tuwe kama maiti."

Shangazi akakaa wima. "Kama nani?"

"Maiti, bibi. Ndilo jina la mkao."

"Nani kaniosha? Mie siwi maiti bila kuoshwa."

Mwalimu alitafsiri kwa muda mrefu kuliko alivyosema Shangazi. Mwishowe ikakubaliwa alale kama mtu aliyechoka. Mzungu wa kiume akakoroma mara hiyo hiyo. Mkewe akafuata. Mie mwenyewe nilipitiwa kidogo. Nilipofumbua jicho nilimwona Shangazi kalala chali, macho yake juu kwenye makuti, makavu kama jana. Roho ikaniuma. Nikajiambia, ngoma bado haijapigwa, tungoje.

Siku ya pili, na herufi moja

Mpaka saa sita mchana ilikuwa marufuku kusema. Jogoo peke yake ndiye aliyesema, na kila alipowika Bi Margit aliinamisha kichwa kana kwamba amepewa jibu. Ruhusa ilipotoka nilimfuata Mwalimu kwenye kibao cha mlangoni, kilichoandikwa yale yale ya kwenye karatasi.

"Mwalimu, ngoma lini?"

"Ngoma gani, mama?"

"Ya kupunga."

"Lakini tunapunga tangu jana." Akanyoosha mkono kuelekea baharini. "Huusikii?"

Nikausikia. Ulikuwa unapeperusha ushungi wangu. "Mwalimu, huo ni upepo."

"Ndiyo."

"Kibaoni umeandika pepo."

Akafurahi kama mwalimu aliyepata swali zuri. Akaokota kijiti, akaandika mchangani. "Ubao, mbao. Ukuta, kuta. Upepo, pepo. Bi Margit aliniomba niandike mahali pa kupunga upepo. Lakini hapa, mama, penye mito na bahari, upepo si mmoja. Unatoka kila upande. Nikaweka wingi."

"Umekaa pwani muda gani?"

"Mwaka wa pili."

"Na kijiji kizima hakuna aliyekwambia?"

"Wanacheka wakipita. Nilidhani ni mwandiko."

Nikamweleza, kwa sauti ndogo, pepo ni nani na tumemletea jogoo wa nini. Mwalimu ni mtu wa kanisa. Alirudi nyuma hatua mbili, akakitazama kibao chake, akajifuta jasho. "Kumbe ndiyo sababu," akasema. "Mwezi uliopita walikuja kina mama saba na ngoma zao. Bi Margit aliwapa chai ya majani, akawapiga picha."

Tukaenda wote kwa Bi Margit. Nilitaka fedha yangu. Nilieleza vizuri, kwa vituo. Akanisikiliza macho yamefumbwa.

"Anasema hasira ni mgeni," Mwalimu akatafsiri. "Umpokee, umpumulie."

"Mwambie mgeni huyu kalipa dola thelathini kwa siku na hajaona samaki."

Sijui alitafsiri nini. Nililetewa tango.

Shangazi sikumwambia. Jioni ile nilimkuta anaoga, mbavu unaweza kuzihesabu, na mimi sikuzihesabu. Alikuwa ananiuliza kwa upole, "Kesho watapunga, eh mwanangu?" Nikasema kesho. Barua ya Tanga ilikuwa kwenye mkoba wangu. Zilibaki siku kumi na nne kabla ya mfungo, na mimi nimemleta mgonjwa wangu mwisho wa dunia kujinyoosha.

Siku ya tatu, mduara

Asubuhi udi ulifukizwa mara mbili ya siku nyingine. Bi Margit akatukalisha mduara, akasema leo ni siku ya nia. Atamwendea kila mtu, amuulize, naye ajibu kwa kweli ya moyo. Mzungu wa kiume alitaka amani. Mkewe alitaka kuacha kazi ya benki. Mimi nilitaka samaki, Mwalimu akatafsiri sijui nini, Bi Margit akanishika bega.

Akafika kwa Shangazi. Akachuchumaa mbele yake, akasema maneno machache.

Mwalimu akatafsiri: "Anauliza, unataka nini?"

Jamani. Maneno yale yale. Ndivyo anavyoulizwa pepo akishapanda.

Shangazi akavuta khanga, akajifunika uso. Mabega yakaanza kutetemeka, kisha kichwa, bangili zikalia. Mwalimu akaburuta mkeka wake nyuma. Sauti iliyotoka ndani ya khanga haikuwa ya mchagua mchele. Ilikuwa nzito, ya kiume, yenye kuamrisha.

"Nataka!"

Penye pepo lazima awepo mtu wa nyumbani wa kumjibu, na wa nyumbani nilikuwa mimi. "Karibu, bwana mkubwa. Sema tukusikie. Unataka nini?"

"Nataka Mbonde!"

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Salum Mbonde ni fundi seremala wa Mtunda, kule kwao Shangazi, mjane mwenziwe, alikuwa anakuja Dar kununua misumari na kunywa maji kibarazani kwangu. Vuli ilipoanza alimleta mshenga, elfu ishirini mkononi, amtake Shangazi. Mimi nikasema laki mbili. Sikuwa na maana ya laki mbili! Ilikuwa bei ya kufungulia. Nilitegemea aseme thelathini, mimi sabini, tushikane mikono kwa arobaini tunywe soda. Mshenga akasema alhamdulillahi akaondoka. Sikumwita. Kariakoo mtu akiondoka unamwacha apige hatua kumi, anarudi mwenyewe. Fundi Mbonde alipiga hatua mpaka Mtunda. Nilimwambia Shangazi kwamba wamekosa uwezo, yeye akasema haya, akaendelea kuchagua mchele. Na usingizi ukamtoka wiki ile ile. Mimi nijuaye tarehe ya kila sahani iliyovunjika, sikuzilinganisha tarehe hizo mbili.

"Tumesikia," nikasema. "Utapewa. Na nini tena?"

"Wala asiombwe bei!"

"Haombwi."

"Na hapa tuondoke! Sili tango!"

Akaanguka ubavu, akapoa. Bi Margit alikuwa analia machozi ya furaha. "Anasema," Mwalimu akatafsiri kutoka mbali, "miaka minne ya kambi hii hajawahi kuona moyo ukifunguka namna ile."

Kurudi

Siku mbili zilizobaki hazikurudishiwa fedha. Nilipewa mkeka wa mpira wa rangi ya zambarau, na jogoo alibaki, alikwishapewa jina na shanga shingoni.

Nahodha alikuwa yule yule. "Enhe, mnisimulie."

"Wewe endesha boti," nikamwambia.

Akacheka mpaka sigara ikaanguka majini. Mifereji ilikuwa imejaa safari hii, tulikwenda bila kukwama. Tulipokuwa wawili mbele, nikamsogelea Shangazi.

"Ulijua kwamba pale hapapungwi?"

"Tangu sahani ya kwanza. Umeona wapi pepo akapewa tango?"

"Basi kutetemeka kule kulikuwa kwa nini?"

Akatazama mikoko. "Ningesemaje, mwanangu? Mtu mzima, bibi wa wajukuu wanane, nije kibarazani kwako, mbele ya wateja, niseme namtaka mwanamume? Mie nina haya. Pepo hana haya."

"Ungeniambia mie, Shangazi."

"Ningekwambia, ungeniuliza kiasi gani."

Nilihesabu maboya ya nyavu mpaka Nyamisati. Sikumbuki yalikuwa mangapi.

Mtunda

Kutoka Kibiti tulipata lori la kupakia mihogo, likatuteremsha Mtunda adhuhuri. Fundi Mbonde alikuwa kwenye karakana yake, paa la makuti bila kuta, anapiga randa ubao wa mninga. Alituona, hakuacha kupiga randa.

"Karibuni. Mama wa laki mbili, shikilia pale, ubao usicheze."

Nikashika ubao. Stahili yangu. Shangazi akamsalimu, akaitikiwa kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, akatandikiwa mkeka penye kivuli, juu ya maranda. Akaketi. Akasema safari imemchosha, atajinyoosha mgongo kidogo sisi tukizungumza.

"Bwana Mbonde," nikaanza, "nilikosea."

"Hukukosea. Ulitaja bei, mimi nikajua kiasi changu."

"Ile haikuwa bei. Ilikuwa salamu."

"Kwetu salamu ni asalamu aleikum."

Nikamwomba radhi, kwa mara ya kwanza bila kutia lakini. Akapuliza vumbi la ubao, akafikiri, akafungua mdomo kujibu, kisha akaufunga akaniashiria kwa kidole. Nikageuka.

Shangazi alikuwa amelala. Mdomo wazi, mkono mmoja umeangukia kwenye maranda, anakoroma kama msumeno unaokwenda taratibu. Nilikuwa sijausikia mkoromo ule tangu kabla ya vuli. Fundi akaweka randa chini polepole, kama mtu anayetua mayai. Tukachuchumaa pembeni ya meza yake ya kazi, na yaliyobaki tuliyasema kwa kunong'ona.

"Tuyamalize," nikanong'ona. "Wanawe nitawaandikia mimi. Elfu kumi yatosha."

"Unanidharau? Nimekusanya arobaini."

"Arobaini za nini? Ataolewa na mwenye deni? Kumi."

"Mwanamke yule ni wa kumi? Thelathini na tano, sishuki."

"Kumi na tano, na hapo nimekuonea."

"Thelathini na tano!"

"Punguza sauti!"

Alasiri ilikuwa inaingia. Yeye anapandisha, mimi nashusha, jasho linatutoka wote wawili, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Mkoromo ukakatika. Tukabaki tumeshikana mikono ya shati kama watoto waliofumaniwa.

Shangazi hakufumbua macho.

"Ishirini na tano," akasema. "Niacheni nilale."

Akageukia ubavu wa pili, na mkoromo ukaendelea pale ulipoishia.